Kubuni majina katika hadithi za fantasia, na kujua hadithi ipi iendelee

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika hadithi za fantasia kwa Kiswahili, yaani hadithi za nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote, awe anaandika kitabu kizima au anatoa sehemu moja moja kwa wasomaji wanaozingoja kwenye simu zao. Kwa miaka kadhaa nilidhani kwamba kubuni majina ni kazi moja na kuamua hadithi ipi iendelezwe ni kazi nyingine. Nilipoanza kuweka daftari la majina kwa uangalifu ndipo nilipoona kwamba swali la pili hujibiwa na la kwanza, na hiyo ndiyo sababu ninayaeleza yote mawili pamoja. Mfano nitakaourudia ni wa hadithi yangu mwenyewe, inayohusu watu wanaoishi kwenye delta ya mto mkubwa, katikati ya mikoko, mahali ambapo maji ya chumvi na maji ya mto hukutana mara mbili kila siku.

Hatua ya kwanza: mtafute anayetoa majina

Usianze kwa kutafuta jina linalopendeza. Anza kwa kuuliza ni nani katika nchi hiyo humpa mtoto jina, humpa lini, na kwa sababu gani. Majina ya watu halisi hayakuokotwa ovyo. Kwa Wajaluo, Otieno ni mtoto aliyezaliwa usiku na Akinyi ni aliyezaliwa asubuhi. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Na kwetu pwani wapo akina Shida, Tabu na Sikudhani, ambao majina yao ni kumbukumbu ya hali ya nyumba siku walipozaliwa. Anayeujua utaratibu huo akilisikia jina humfahamu mtu kwa kiasi fulani kabla hawajaonana, na huo ndio uwezo unaotaka kumpa msomaji wako.

Utaratibu ukishaupata, majina yanayokuja na dunia nyingine yatajitenga yenyewe. Chukua jina la Juma. Ni jina la kila siku, lakini limekuja na Ijumaa, Ijumaa imekuja na wiki ya siku saba, na wiki hiyo imekuja na dini na historia nzima ya pwani yetu. Ukimpa jina hilo mvuvi wa nchi isiyojua Ijumaa, umeingiza yote hayo kwa mlango wa nyuma bila kukusudia. Kwa hiyo kalenda hutangulia majina. Waigbo wa Nigeria wana wiki ya soko yenye siku nne, Eke, Orie, Afo na Nkwo, na ndiyo maana wako akina Okeke, Okorie, Okafor na Okonkwo. Mwandishi anayebuni nchi yenye soko kila baada ya siku nne anaweza kujifunza kutoka kwao jinsi siku ya soko inavyoweza kuwa jina la mtu, bila kuchukua hata jina moja lililo lao.

Katika delta yangu hakuna wiki. Watu huhesabu wakati kwa maji: bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanapojaa kidogo na kupwa kidogo mwezi ukiwa nusu. Mkunga ndiye anayetoa jina, kwa kuwa ndiye anayetoka nje kutazama maji. Mtoto wa bamvua hupewa jina linaloanza na Va-, na mtoto wa maji mafu hupewa linaloanza na Fu-. Mhusika wangu mkuu ni Vashemi, na ndugu yake anaitwa Fumaya. Sikuhitaji kuandika aya nzima ya kueleza kwamba mmoja hutazamwa kama mwenye nguvu na mwingine kama mnyonge. Kufikia sura ya pili msomaji alikwisha kuwasikia wanakijiji wakiyatamka majina hayo kwa sauti mbili tofauti.

Hatua ya pili: tengeneza shina, kisha lipitishe kwenye ngeli

Hapa Kiswahili kinatupa zana ambayo lugha nyingi hazina. Shina moja la neno huzaa mtu, watu, lugha na nchi: Mgogo, Wagogo, Kigogo, Ugogo. Msomaji akikutana na Wandaru kwenye ukurasa wa kwanza, atakapokutana na Kindaru na Undaru hatahitaji maelezo yoyote. Buni shina, si jina zima, kisha liandike kwa viambishi vyote kabla hujalipenda.

Usiruke zoezi hilo la viambishi. Watu wangu wa delta niliwaita Watanda. Nililipenda jina hilo kwa sababu lina sauti ya wingu linalotanda juu ya maji, na niliandika sura tatu nikilitumia. Katika sura ya nne mgeni alifika kijijini na ikanipasa kuandika kwamba hakuelewa lugha yao. Watu ni Watanda, mmoja wao ni Mtanda, na lugha yao, kwa kanuni ile ile niliyokuwa nikiisifu, ni Kitanda. Sura zote tatu zilibidi zisafishwe. Tangu siku hiyo shina halitoki kwenye daftari langu kabla halijasimama na m-, wa-, ki-, u- na ma-, kwa sababu mitego ni mingi: shina la -su litakupa Kisu, shina la -tabu litakupa Kitabu, na shina la -vuli litakupa Kivuli na Uvuli.

Si kila mgongano ni hasara, hata hivyo. Baada ya Watanda nilijaribu shina la -lembwe. Mlembwe, Walembwe, Ulembwe, yote yalikuwa mapya sikioni mwangu, lakini lugha yao ikawa Kilembwe, na kilembwe ni neno tulilo nalo tayari: mjukuu huzaa kitukuu, na kitukuu huzaa kilembwe. Nilikaribia kulifuta. Kisha nikajiuliza ingekuwaje kama si bahati mbaya, kama watu hawa wanaamini kweli kwamba wao ni vilembwe wa mtu fulani ambaye jina lake halitajwi. Ni vilembwe wa nani? Sikuwa na jibu, na nililiandika swali hilo pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Nitalirudia.

Hatua ya tatu: yapime kwa sikio

Mkazo wa maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo sikio la msomaji linapolishika jina. Kwa hiyo Kalinde, Malinde na Salinde ni jina moja kwa msikilizaji, hata kama herufi za mwanzo ni tofauti na wewe mwenyewe unawaona kama watu watatu. Ushauri wa kubadilisha herufi za kwanza, ambao waandishi wengi huupokea kutoka lugha nyingine, hautoshi kwetu, kwa kuwa sisi tumezoea viambishi mwanzoni mwa maneno na jicho letu huvipita haraka likitafuta shina. Tofautisha majina mahali penye mkazo: Kalinde, Salumbo, Mateya.

Alama ya ritifaa nayo ina kazi yake katika maandishi yetu, kama katika ng'ombe na ng'ambo, na ukiitumia kama pambo la ugeni katikati ya konsonanti nyingine, msomaji ataishia kukwama bila kujua alitamke vipi. Ukitaka jina lisikike geni, chagua mfululizo wa silabi usio wa kawaida na uziache silabi zenyewe ziwe za kutamkika. Mimi niliamua kwamba Walembwe hawana sauti za r wala z, na uamuzi huo mdogo uliyapa majina yao yote rangi moja bila pambo lolote.

Kisha yasome majina kwa sauti, na ikiwezekana mbele ya watoto. Vashemi hakuwa Vashemi mwanzoni. Alikuwa Vasheremwi, kabla sijaiwekea lugha yao kanuni yoyote. Jioni moja nilimsimulia mpwa wangu wa miaka minane sura ya kwanza, tukaanza kama inavyotakiwa, paukwa, pakawa, na kila alipotaka kuuliza swali alisema, “Halafu yule Vashemi akafanyaje?” Nilimrekebisha mara mbili. Mara ya tatu niliandika jina kama alivyolitamka, na kwa jina hilo jipya nikapata pia kanuni ya kuondoa r.

Hatua ya nne: amua upatanisho wa viumbe wako

Hatua hii husahauliwa mno, na inaniuma kuona inavyosahauliwa, maana ndani yake mna nguvu ambayo ni yetu kabisa. Viumbe hai kwa Kiswahili huchukua upatanisho wa a- na wa- hata kama majina yao yana ki- na vi-: kiboko amezama, viboko wamezama. Vitu havifanyi hivyo. Kwa hiyo kila unapobuni kiumbe, kitenzi chako kinamwambia msomaji kama kitu hicho kina uhai, hata kama wewe hukukusudia kusema.

Kwenye mlango wa delta yangu kuna kinyago cha mti wa mkoko, kimechongwa kwa umbo la mtu aliyenyoosha mkono. Kwa sura sita niliandika hivi: kinyago kilisimama majini, kinyago kilifunikwa na kaa, kinyago kiliinama upande wa bara. Mwishoni mwa sura ya sita, usiku wa bamvua, niliandika: “Maji yalipokupwa, kinyago alifumba macho.” Kiambishi kimoja tu kimebadilika. Sikuongeza neno la kueleza kwamba kina uhai, wala sikuandika kwamba kila mtu alishtuka, na wasomaji waliponiandikia walinukuu sentensi hiyo kuliko nyingine yoyote katika hadithi nzima. Weka basi kanuni yako kabla ya kuanza, iandike daftarini, na usiivunje mpaka siku ambayo kuivunja kutakuwa ni tukio.

Hatua ya tano: chunguza jina ni la nani tayari

Uliza watu wa lugha za jirani kama jina lako lina maana kwao, hasa maana ya matusi. Usilitumie jina la kabila halisi, la ukoo, wala la mzimu unaotambikiwa na watu walio hai, kwa ajili ya kundi la waovu, na usidhani kwamba kubadilisha herufi moja kunatosha, kwa sababu wenye jina watalitambua.

Kuna pia majina yanayosema tabia. Katika *Kusadikika*, kilichochapishwa mwaka 1951, Shaaban Robert aliifanya nchi iitwe kwa kitenzi, akamwita mshtakiwa Karama na waziri anayemshtaki Majivuno. Kwa kitabu kile ulikuwa uamuzi sahihi, kwani msomaji alitakiwa ajue mara moja kila mtu anasimamia nini, ili akili yake ibaki kwenye hoja. Fantasia ya kusimulia maisha marefu ya watu haiwezi kuvumilia jambo hilo kwa urahisi: waziri aliyeitwa Majivuno tangu ukurasa wa kwanza hataaminika siku atakapotubu.

Hatua ya sita: andika deni la kila jina

Sasa fungua kurasa za mwisho za daftari, uandike majina yote ya hadithi kwa safu, na mbele ya kila jina uandike hadithi inadaiwa nini juu yake. Deni ni swali ambalo jina limelifungua na hadithi haijalijibu. Kwa nini kisiwa hiki kinaitwa hivyo ilhali hakuna anayekumbuka? Kwa nini bibi huyu ana jina la kiume? Lile swali langu la kalamu nyekundu, Walembwe ni vilembwe wa nani, ni deni la namna hiyo.

Hata mabingwa wamedaiwa. J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyebuni lugha tangu ujana wake, alipoandika *The Hobbit*, kilichotoka mwaka 1937, aliyachukua majina ya vibeti wake katika shairi la kale la Kinorsi. Dunia aliyoibuni ilipokua, majina hayo ya watu wa kaskazini mwa Ulaya yakamtaka maelezo, na ikambidi aseme kwamba ni tafsiri tu, yaliyowekwa badala ya majina ya lugha nyingine ya dunia ile. Deni lilimsukuma kuifikiria dunia yake kwa undani zaidi kuliko alivyokuwa amepanga.

Kwangu mimi deni kubwa lilijitokeza kwa Vashemi mwenyewe. Nilipokuwa nikipanga tarehe za mwezi ili matukio yasigongane, niligundua kwamba siku ya kuzaliwa kwake, kama nilivyoieleza katika sura ya kwanza, iliangukia maji mafu. Kwa kanuni ya nchi alipaswa kuitwa kwa Fu-. Ningeweza kubadilisha tarehe kwa dakika moja. Niliiacha, kwa sababu maana yake ni kwamba mkunga alitoka nje, akayaona maji mafu, akarudi ndani akasema bamvua. Nani alimwomba aseme uongo huo, na alilipwa nini?

Hatua ya saba: amua hadithi ipi iendelee

Kuna wakati nilikuwa na hadithi tatu mkononi: hii ya delta, iliyokuwa imefika sehemu ya 9, hadithi ya msafara wa chumvi na ugomvi wa kiti cha enzi, iliyofika sehemu ya 38, na ya mpiga ngoma kipofu, yenye sehemu 4. Wasomaji wengi walikuwa wa msafara, na baadhi yao walilipia kila wiki. Kila nilipoweka neno “itaendelea” chini ya sehemu ya msafara nilihisi uzito, na nilijiambia kwamba ni uchovu wa kawaida.

Fanya kama nilivyofanya hatimaye. Kwanza, ziweke rasimu zote kando kwa mwezi mmoja, kisha simulia kila hadithi kwa mdomo, bila kutazama maandishi, kwa mtu mvumilivu. Utakachokisahau hakikuwa na mizizi. Pili, hesabu madeni. Msafara wa chumvi ulikuwa na majina 31, na yenye deni yalikuwa mawili tu. Mengine yote yalikuwa majina ya watu walioletwa ili wauawe au waoe. Delta ilikuwa na majina 14, na 11 kati yake yalinidai. Ngoma ya kipofu haikuwa na deni hata moja, na nilielewa kwamba ilikuwa hadithi fupi iliyokwisha kuandikwa yote. Nilichokuwa nikifanya ni kuivuta tu.

Tatu, pitia barua na ujumbe wa wasomaji, na uyatenge maswali katika mafungu mawili. Wapo wanaouliza lini, na wapo wanaouliza kwa nini. “Sehemu ya 39 lini?” ni swali la heshima, na linastahili jibu la haraka, lakini linahusu mazoea ya msomaji. “Kwa nini Fumaya hamwiti kaka yake kwa jina?” linahusu hadithi. Wasomaji wa delta walikuwa wachache, na karibu wote waliuliza kwa nini.

Nne, tambua ni mwendelezo wa namna gani unaotafuta. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alirudi katika riwaya moja baada ya nyingine, kuanzia *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960, kwa sababu kila riwaya ilileta kisa chake na kukifunga, naye mpelelezi akabaki tayari kwa kisa kingine. Hadithi ya fantasia iliyojengwa juu ya siri moja ya nchi haiwezi kuendelea hivyo. Siri ikishatoka, kinachobaki ni matukio. Tolkien huyo huyo, baada ya *The Lord of the Rings*, alianza hadithi ya kizazi kilichokuja takriban miaka 100 baadaye, akaiacha baada ya kurasa chache. Alieleza katika barua kwamba angeweza kuandika kisa cha kusisimua juu ya njama na jinsi ilivyogunduliwa, lakini kisingekuwa zaidi ya hicho, na hakikustahili kufanywa. Huenda wasomaji wake wangekipokea kwa mikono miwili.

Hatua ya nane: funga kwa heshima

Hadithi unayoiacha usiiache ikining'inia na neno “itaendelea” chini yake kwa miaka. Niliwaandikia wasomaji wa msafara kwamba kungekuwa na sehemu tatu za mwisho, nikawarudishia waliokwisha kulipia zaidi ya hizo, kisha nikazitumia sehemu hizo kulipa yale madeni mawili tu, bila kuleta jina jipya hata moja. Wengine walikasirika, nami niliwajibu mmoja mmoja. Baadhi yao walihamia delta.

Majina ya hadithi iliyofungwa yarudishe daftarini kwenye ukurasa wake, ukiandika pembeni yalikotoka na kama yalikwisha kusomwa na watu. Lililosomwa lisitumike tena kwa mhusika mwingine. Lililobaki kwenye rasimu ni huru, ila lipitishe upya kwenye kanuni za nchi linakokwenda: katika msafara nilikuwa nimemwandaa mzee wa kivuko aitwaye Zirombe, ambaye hakuwahi kutokea mbele ya msomaji yeyote. Walembwe hawana z wala r. Alipovuka kuja delta aliitwa Silombe, mgeni ambaye wenyeji wameshindwa kulitamka jina lake, na sasa anakaa kwenye kibanda karibu na kinyago, ambako mkunga mzee humpelekea chakula kila maji yanapokufa.